Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Vyombo vya Molekuli Vinavyojijenga Vyenyewe

Mezani hapa mbele mnaona vifuu sita vya nazi na gololi nane. Sitavigusa mpaka mwisho. Nawaomba tu mvitupie jicho kila nitakapotaja sita au nane.

Nianze na kibuyu. Chungu hufinyangwa: mfinyanzi hutia mkono mmoja ndani akausukuma udongo, na mkono wa pili ukaupokea kwa nje. Kinu huchongwa, kikapu husukwa. Kibuyu peke yake, katika vyombo vya mababu zetu, hakikungojea mkono wa mtu. Huota shambani, kikajiviringisha chenyewe, na siku kikikauka mtu hutoboa mdomo, akakung'uta mbegu, akatia maziwa.

Sasa chukulieni kwamba mmeagizwa chombo kidogo sana, kiasi kwamba uwazi wake wa ndani hauzidi nanomita moja na kitu kwa upana. Ukivipanga vyombo vya namna hiyo mstari mmoja, vitahitajika zaidi ya 20,000 kuukata upana wa unywele mmoja. Hakuna kidole kinachoingia humo, wala patasi, wala sindano. Chombo hicho hakifinyangiki. Hakina budi kuota kama kibuyu. Habari niliyowaletea jioni hii ni ya vyombo hivyo: molekuli zenye umbo la bakuli, ambazo zikitiwa katika kimiminika kinachozifaa hutafutana, hushikana mdomo kwa mdomo, zikawa mpira wenye uwazi ndani. Na ndani ya uwazi ule hukaa molekuli nyingine.

Wanakemia hukiita chombo hicho mwenyeji, na kilichomo ndani hukiita mgeni. Nilipoyasoma maneno hayo kwa mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini, kwa sababu sisi tuna methali iliyotangulia kusema jambo lenyewe: mgeni njoo, mwenyeji apone. Humu katika kemia methali hiyo ni kweli neno kwa neno, maana vyombo hivi havisimami vikiwa vitupu. Tena naona kwamba elimu hii yote imejengwa na wageni wasioalikwa: taka iliyobaki chini ya chupa, unyevu uliojipenyeza kwenye kiyeyushi, asidi iliyozaliwa kwa jua bila mtu kukusudia. Kila hatua kubwa ilitokea pale mtu alipokataa kukimwaga kitu ambacho wenzake wangekimwaga.

Tuanze na bakuli lenyewe. Mwaka 1872 mwanakemia Mjerumani Adolf von Baeyer, yule ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, alikuwa akichanganya fenoli na aldehaidi mbele ya asidi ili aone nini kitatoka. Alipotumia resosinoli alipata kitu chekundu kilichogeuka zambarau kikitiwa kwenye alikali. Zama hizo wanakemia wa Ujerumani walikuwa wakihangaikia rangi za viwandani, na rangi hii ilivutia macho. Umbo la kilichomo ndani yake hakuna aliyelijua. Mwaka 1940 Niederl na Vogel walipima uzito wa molekuli za jamii hii, wakapendekeza kwamba resosinoli nne na aldehaidi nne zimeshikana duara. Ilipofika 1968 Erdtman na wenzake walipiga fuwele zake kwa miale ya eksirei, wakaiona pete kwa hakika. Toka 1872 mpaka 1968 ni miaka 96. Molekuli ilikuwa chupani muda wote huo, ikimngojea mtu wa kuiuliza una umbo gani.

Umbo lake ni hili. Resosinoli ni kipande bapa chenye pembe sita, na juu yake kuna vikundi viwili vya oksijeni na haidrojeni, ambavyo katika shule zetu huitwa hidroksili. Vipande vinne vikiunganishwa kwa madaraja manne ya kaboni, pete haiwezi kulala bapa. Hujikunja ikawa bakuli. Hidroksili zote nane hukaa kwenye mdomo wa bakuli, na mikia iliyotoka kwenye aldehaidi huning'inia chini kama miguu ya kigoda. Molekuli-pete hii tunaiita resosinareni.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu mwanafunzi makini atauliza: kwa nini pete? Ukivichanganya vipande vinavyoshikana huku na huku, si vingeendelea kuungana kimoja baada ya kingine hadi kuwa mnyororo usio na mwisho? Vingeweza, na mwanzoni ndivyo vifanyavyo. Lakini ndani ya asidi miungo hiyo hufungwa na kufunguliwa, hufungwa na kufunguliwa tena. Mnyororo uliokosea njia hukatika ukaanza upya. Bakuli likishafungika, hidroksili za mdomoni hushikana na za jirani, likatulia, na mara nyingi likatengeneza fuwele zinazozama chini ya chupa. Kilichozama kimetoka mchezoni. Taratibu, vilivyobaki navyo hufuata njia hiyo hiyo. Ndiyo maana bakuli lenye umbo zuri hivi hutengenezwa kwa vitu vya bei nafuu, kwa kuchanganya na kupasha moto, bila ufundi wa kutisha. Likumbukeni jambo hili la kukosea na kujirekebisha, maana ndilo litakaloubeba mhadhara wote.

Pete za aina nyingine zilimfikia Charles Pedersen kwa njia ya ajabu zaidi. Huyu alizaliwa Busan, Korea, mwaka 1904, baba Mnorwe na mama Mjapani, akafanya kazi maisha yake yote katika kampuni ya DuPont huko Marekani, na hakuwahi kuwa na shahada ya udaktari. Katika kutengeneza kitu kingine kabisa alikuta mabaki ya fuwele nyeupe, yapata asilimia 0.4 tu ya alichotarajia. Wengi tungeyaosha pamoja na chupa. Yeye aliyachunguza, akagundua kwamba ni pete za kaboni na oksijeni zinazoikumbatia ayoni ya sodiamu au potasiamu katikati yake, kama kichwa kilichovishwa taji. Alichapisha habari hiyo mwaka 1967. Mwaka 1987 alitunukiwa Nobel pamoja na Donald Cram wa Marekani na Jean-Marie Lehn wa Ufaransa, na tangu hapo kemia ya mwenyeji na mgeni ikapata kiti chake.

Cram ndiye aliyetaka chombo chenye kifuniko. Alichukua mabakuli mawili ya jamaa ya resosinareni, akayafunga mdomo kwa mdomo kwa miungo imara ya kovalenti, na mwaka 1985 akautangazia ulimwengu vyombo ambavyo mgeni akishaingia hatoki mpaka ukuta uvunjwe. Jina alilovipa alilitoa kwenye neno la Kilatini lenye maana ya gereza. Baadaye aliacha tundu dogo ukutani, ili mgeni aweze kupita vikipashwa moto, na mwaka 1991 yeye na wenzake wakafanya jambo ambalo mimi hulisimulia kila mwaka darasani bila kulichoka. Kuna molekuli iitwayo siklobutadieni, kaboni nne katika mraba, ambayo haina utulivu hata kidogo: ikikutana na mwenzake humrukia papo hapo, zote mbili zikageuka kitu kingine. Kwa kawaida huonekana katika baridi kali mno tu. Cram aliizalisha ndani ya chombo chake kwa mwanga. Humo ndani ikawa peke yake, haina wa kumrukia, ikakaa salama katika joto la kawaida la chumba.

Kazi hiyo ni kubwa. Hata hivyo chombo cha Cram kinafanana zaidi na sanduku lililopigwa misumari kuliko kibuyu. Kila upande ulijengwa na binadamu kwa hatua nyingi, na ukikosea muungo mmoja umekosea daima, kwa kuwa muungo wa kaboni na kaboni, wenye nguvu ya kama kilojuli 350 kwa moli, haufunguki kwa hiari yake ukajifunga upya mahali panapofaa.

Wazee wetu wa visiwa vya Lamu walikuwa na mtepe, chombo cha baharini kilichoshonwa mbao kwa mbao kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja. Kamba moja ya makumbi si kitu, mtoto huikata kwa wembe. Kamba mamia, zikipitishwa kila moja katika tundu lake, zilipeleka shehena baharini, na bahari ikichafuka ubavu ulipinda kidogo bila kupasuka. Katika ulimwengu wa molekuli kamba hiyo ni muungo wa haidrojeni: haidrojeni iliyoshikwa na oksijeni yake huvutwa kidogo na oksijeni ya jirani. Katika maji nguvu yake ni kama kilojuli 20 kwa moli, takriban sehemu moja ya kumi na saba ya ule muungo wa kaboni niliotangulia kuutaja. Mtikisiko wa joto la kawaida hutosha kuufungua, na punde ukajifunga tena. Tofauti na mtepe ni kwamba hapa hakuna fundi anayeshona. Kamba zenyewe ndizo zinazotafuta matundu yake, na zikiingia tundu lisilo lake hutoka zikajaribu jingine.

Wa kwanza kuonyesha kwa uwazi kwamba chombo kizima kinaweza kushonwa hivyo alikuwa Julius Rebek na wenzake, mwaka 1993. Walibuni molekuli iliyopinda kama kipande cha ngozi kinachofunika mpira wa tenisi. Vipande viwili vikikutana huvaana, vikashikwa na miungo minane ya haidrojeni, na katikati hubaki nafasi inayomtosha mgeni mdogo kama methani. Ulikuwa ubunifu wa mtu aliyechora kwanza kwenye karatasi, na ninauheshimu sana. Lakini moyo wangu uko kwa kile kilichofuata, kwa sababu hicho hakuna aliyekichora.

Mwaka 1997 Leonard MacGillivray na Jerry Atwood, katika Chuo Kikuu cha Missouri, walichapisha katika jarida la Nature picha ya fuwele ya resosinareni, kitu cha jamii ileile ya Baeyer. Tazameni vifuu. Ndani ya fuwele mabakuli sita yalikuwa yamegeuza midomo ndani, kila moja limekaa kwenye uso mmoja wa mchemraba. Mchemraba una nyuso sita na pembe nane. Kwenye kila pembe, pale ambapo mabakuli matatu hukaribiana bila kugusana vizuri, palikuwa na molekuli moja ya maji. Mabakuli sita, maji manane. Hesabuni: kila bakuli lina hidroksili nane mdomoni, kwa hiyo ni 48, ziongezeni na maji yale, na vyote hivi vimeshonana kwa miungo 60 ya haidrojeni. Ndani yake pana uwazi wa nanomita za ujazo 1.375 hivi, yaani nafasi ambayo katika glasi ya maji ingechukuliwa na molekuli za maji zipatazo 46. Kwetu ni nafasi ndogo kupita kiasi. Kwa molekuli ni ukumbi.

Naomba muyatafakari yale maji. Mwanakemia anayefanya kazi na viyeyushi kama klorofomu hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba maji ni adui: kausha chupa, kausha kiyeyushi, ziba kizibo. Nami niliwahi kuwa mtumwa wa kanuni hiyo, na bado nawafundisha vijana waifuate katika kazi nyingi. Ila hapa maji ndiyo nguzo za pembe. Bila yale manane mabakuli sita yangebaki na nyufa nane. Mgeni asiyealikwa alipita kizibo, akakuta nyumba ina mapengo kwenye pembe, akayaziba kwa mwili wake.

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo paliulizwa swali la haki kabisa. Fuwele ni kitu kigumu, ambamo molekuli zimebanwa zikakosa pa kwenda. Huenda mpira ule unatokea kwenye fuwele tu, na katika kimiminika, ambako kila kitu kinaogelea na kugongana, unasambaratika. Mwaka 2001 Alexander Shivanyuk na Rebek walionyesha kwamba katika klorofomu yenye unyevu mpira ule wa mabakuli sita, ambao tangu sasa nitauita kapsuli, hujijenga ukimzunguka mgeni mkubwa mwenye chaji chanya. Hapo wengi wakadhani kwamba bila mgeni wa namna hiyo hakuna kapsuli. Ndipo Liat Avram na Yoram Cohen wa Tel Aviv walipotumia mbinu ya kupima mwendo wa molekuli kwa sumaku, ndugu wa karibu wa ile mashine ya MRI ya hospitalini. Mtu mmoja hupenya umati wa Kariakoo upesi. Watu sita walioshikana mikono hukwama kila hatua. Vivyo hivyo molekuli moja huogelea haraka kuliko sita zilizoshikana. Mwaka 2002 walipima, wakakuta katika klorofomu ya kawaida, bila mgeni yeyote maalumu kuongezwa, resosinareni zinakwenda polepole kama kitu kikubwa. Kapsuli ilikuwa imesimama tayari.

Je, ilisimama tupu? Hapana. Ndani mlikuwa na molekuli kadhaa za klorofomu yenyewe. Kiyeyushi, ambacho kila mtu alikiona kama uwanja tu ambamo mambo yanatokea, ndicho kilichokuwa mgeni.

Nimesema vyombo hivi havisimami vitupu. Uwazi usio na kitu una gharama: molekuli zilizo nje zinataka kuingia, na kuta hazina cha kuegemea kwa ndani. Mwaka 1998 Sandro Mecozzi na Rebek walichunguza kapsuli mbalimbali, wakaona kwamba wageni hukaa vizuri wanapojaza takriban asilimia 55 ya nafasi. Wakiwa wachache mno kapsuli haina raha. Wakibanana mno hawana pa kugeukia, na hufukuzwa. Kiwango hicho kinakaribiana sana na jinsi molekuli zinavyojaza nafasi katika kimiminika cha kawaida, kwa hiyo mgeni aliye ndani anaishi katika msongamano uleule aliouzoea nje. Mimi huliona jambo hili kuwa la kupendeza kuliko ile miungo 60. Kuta hazimshiki mgeni kwa nguvu. Zinampa nafasi ya kadiri yake, naye kwa kuijaza anazifanya zisimame. Mwenyeji amepona kwa mgeni.

Na sasa jembe. Methali yetu ya pili mnaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Chombo kinachomhifadhi mgeni ni kizuri, lakini chombo kinachomtia mgeni kazini ni kichocheo, na hapo ndipo utafiti umekolea.

Kateni jani la mchaichai, au fikicheni jani la mkaratusi. Harufu inayotoka ni ya terpeni na ndugu zake. Katika mafuta ya karafuu za Unguja na Pemba, pamoja na yujenoli inayojulikana zaidi, kuna terpeni iitwayo kariofilini. Mmea hutengeneza vitu hivi kutokana na minyororo ya kaboni iliyonyooka. Kimeng'enya huumeza mnyororo kwenye uwazi wake, kikaukunja, kikang'oa kipande kimoja mwishoni ili ibaki ayoni yenye chaji chanya, na ayoni hiyo, kwa hamaki yake, hujifunga kuwa pete moja, mbili au tatu. Ayoni hizi hudumu muda mfupi mno. Ukijaribu jambo hilohilo ndani ya chupa kwa asidi, ayoni hudakwa na chochote kilicho karibu, ukapata mchanganyiko usiofaa. Kimeng'enya hufaulu kwa sababu kinaizungushia kuta zenye elektroni nyingi, zinazoituliza bila kuikamata.

Resosinareni sita ni kuta za namna hiyohiyo: vipande bapa 24 vyenye elektroni nyingi, vyote vikitazama ndani. Mwaka 2015 Qi Zhang na Konrad Tiefenbacher walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kapsuli hii, iliyojijenga yenyewe kwa vitu vya bei nafuu, inaweza kuzifunga terpeni za mnyororo kuwa pete kwa mtindo unaofanana na wa vimeng'enya. Mwaka 2018 kundi hilo likaitumia kutengeneza isolongifolini, yenye pete tatu, kwa hatua chache tu. Kapsuli haina akili ya kimeng'enya, wala haichagui kwa ustadi ule. Kimeng'enya ni mnyororo wa mamia ya asidi amino uliochujwa na vizazi visivyohesabika, na hiki ni chombo cha aina mbili tu za vipande. Kwamba kinafika hata nusu ya njia ni jambo la kustaajabisha.

Walijuaje kwamba kazi inafanyika ndani na si nje, kando ya ukuta? Jaribio lao ni rahisi hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kulielewa. Waliongeza mgeni mkaidi, ayoni ya tetrabutilamonia, ambayo inapendwa sana na uwazi ule kwa ukubwa wake na chaji yake chanya. Ikishaingia haibanduki, na wengine hukosa nafasi. Kapsuli bado ipo, asidi yake bado ipo, kuta zake za nje ni zilezile, lakini kazi ilididimia. Mlango ulikuwa umezibwa na mtu aliyekaa kizingitini.

Kisha yakaibuka mambo yaleyale ya wageni wasioalikwa. Klorofomu ikipigwa na mwanga huoza kidogo kidogo, ikatoa kiasi kidogo mno cha asidi ya haidrokloriki. Mwaka 2017 kundi la Tiefenbacher lilieleza kwamba asidi hiyo kidogo ni mshiriki wa lazima: klorofomu ikisafishwa ikawa haina asidi, mmenyuko hauendi, na asidi peke yake bila kapsuli nayo haitoshi. Chupa iliyosahauliwa dirishani ndiyo iliyokuwa ikitoa msaada. Kwa miongo mingi tumekuwa tukiandika katika vitabu vya maabara "kiyeyushi kilisafishwa" kana kwamba ndiyo sifa ya juu kabisa ya kazi. Naamini tunapaswa kuandika vilevile kilisafishwa nini, na nini kikabaki.

Kuna ugumu mmoja ambao bado unawasumbua wanaofanya kazi hii. Mgeni akishalima, inafaa aondoke ampishe mwingine. Ikiwa kile kilichotengenezwa kinaupenda uwazi kuliko malighafi, kinakaa humo humo, na kichocheo kinakoma baada ya zamu moja. Terpeni zilizofungika kuwa pete hazina chaji, kwa hiyo hutoka kwa urahisi. Mimenyuko mingi haina bahati hiyo.

Mtaniuliza juu ya dawa, maana kila nikizungumza habari hizi huulizwa. Nitasema wazi: msimwamini mtu atakayewaambia kwamba kapsuli hii ya miungo ya haidrojeni itasafirisha dawa katika damu. Damu ni maji, na katika maji mengi kila hidroksili hupata mwenza wa kushikana naye, kwa hiyo mabakuli hayana tena sababu ya kushikana yenyewe kwa yenyewe. Maji manane yalijenga nyumba. Bahari ya maji huibomoa. Kwa kazi za mwilini hutumika ndugu zake wa kovalenti, vikombe ambavyo havihitaji kujikusanya. Siklodekstrini, pete za sukari zitokanazo na wanga, zilizogunduliwa na Villiers mwaka 1891, zimo katika dawa nyingi. Moja iliyorekebishwa, sugamadeksi, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2008. Mgonjwa aliyelegezwa misuli kwa rokuroniamu wakati wa upasuaji hudungwa sindano yake, pete zinaimeza dawa ile katika damu molekuli kwa molekuli, na misuli inarudi kazini kwa dakika chache. Hapo mwenyeji anamwokoa mtu halisi juu ya kitanda.

Na kwa wapenda mambo ya hatari: mwaka 2009 kundi la Jonathan Nitschke wa Cambridge liliiweka fosforasi nyeupe, ambayo hewani huwaka yenyewe, ndani ya kizimba kilichojijenga kwa ayoni za chuma na molekuli ndefu kwenye kingo. Fosforasi ikatulia hewani. Oksijeni inaweza kuingia, lakini kitu ambacho kingezaliwa kwa kuungana nayo ni kikubwa kuliko nafasi iliyopo, kwa hiyo hakizaliwi. Ukitia benzini, benzini inaingia kizimbani na kumtoa yule mwenye hasira.

Nimebakiza meza yangu. MacGillivray na Atwood waliona jambo jingine ambalo nililiruka makusudi. Bakuli la resosinareni halina upande wa kulia wala wa kushoto. Maji nayo hayana. Lakini vikijengana, kila bakuli hujizungusha kidogo ili hidroksili zake zifikie za jirani, na yote sita huzunguka upande mmoja. Mpira unaotokea una mkono: ama wa kulia, ama wa kushoto, kama kiatu. Katika chupa huwapo wa aina zote mbili, kila mmoja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo, na hakuna bakuli lililoamua peke yake.

Vifuu hivi nimevitoboa matundu manane kila kimoja mdomoni, na hapa kuna kamba ya makumbi na gundi kidogo ya kushikilia gololi kwenye pembe. Wanafunzi mliosimama nyuma, njooni mbele, mgawanyike makundi mawili. Kundi la kwanza lijenge, lifumue, kisha kundi la pili lijenge bila kuwatazama wenzao. Mkimaliza mtuambie mpira wenu umezunguka upande gani.